Funguo Tatu Mkononi mwa Iago

Kuna kosa ambalo vikundi vya maigizo vya shule na vyuo hulirudia kila vinapoigiza Othello, hapa Tabora na kwingineko. Ni tamthilia ya Shakespeare kuhusu Othello, jemadari wa Venice, anayemuua mkewe Desdemona baada ya Iago kumwaminisha kwamba anatembea na luteni wake, Cassio. Iago anaingia jukwaani amekunja uso, anasugua viganja, anaongea kwa kunong'ona, na kabla hajafikisha sentensi ya tatu watoto wa mstari wa mbele wameshaanza kumzomea. Ukumbi unachangamka, mwongozaji anafurahi, na tamthilia imeshakufa. Kama mtoto wa darasa la tano aliyekaa sakafuni amemjua Iago ndani ya dakika mbili, basi jemadari aliyeanza kushika silaha tangu ana miaka saba, asiyemjua mpaka mke amelala maiti, atakuwa nani machoni petu? Bwege. Na habari za bwege zinachekesha, hazilizi.

Iago wa Shakespeare haogopwi na mtu. Anapendwa. Ana miaka 28, ni mshika bendera wa Othello, mkavu wa maneno, mcheshi akipenda, mtu wa kuitwa usiku ukipatwa na shida. Othello anamwita mwaminifu, Cassio anamwita mwaminifu, na Desdemona naye haamini tofauti. Kwa jumla uaminifu na mwaminifu vinatajwa mara zaidi ya hamsini katika tamthilia hiyo, na nyingi kati ya hizo anatajiwa yeye. Hana cheo cha maana. Fedha anazochezea ni za Roderigo, kijana tajiri ambaye Iago anamkamua kwa ahadi hewa. Silaha aliyonayo ni jina lake tu, na anaitumia mpaka mwisho bila kuonyesha kwamba anaitumia.

Wengi husema Othello aliponzwa na wivu. Wivu upo, lakini unakuja nyuma. Kilichotangulia ni utaratibu mbovu: alimkabidhi mtu mmoja kazi tatu zisizopaswa kukaa mkono mmoja, yaani kuleta habari, kuifasiri na kuithibitisha. Anayejua vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, hahitaji maelezo marefu. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo wanashika wanachama watatu, na anayekaa na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Hawakuweka hivyo kwa kuwa mweka hazina ni mwizi. Mweka hazina huchaguliwa kwa sababu ni mtu mwema, na kufuli tatu zipo ili aendelee kuwa mwema, na ili siku hesabu ikipungua pasiwe na haja ya kuanza kusoma nyuso za watu. Othello alimpa Iago funguo zote tatu, na sanduku akamwachia.

Hili silisemi kwa kumsingizia Shakespeare fikra za vikoba. Ameliweka mwenyewe mlangoni, katika onyesho la tatu la tendo la kwanza, na ndiyo sehemu ambayo waongozaji wetu huikata kwanza ili kuokoa dakika. Seneti ya Venice imekaa usiku. Kuna habari za merikebu za Waturuki, na barua hazipatani: mmoja ameandikiwa kuwa ni 107, mwingine 140, wa tatu 200. Hawagombani. Wanakubaliana kwamba idadi inaweza kukosewa, lakini barua zote zinataja merikebu na zote zinataja Cyprus. Mara anaingia mjumbe na kusema Waturuki wameelekea Rhodes. Seneta mmoja anakataa papo hapo: Cyprus ina faida kubwa zaidi kwa Mturuki na ulinzi wake ni dhaifu kuliko wa Rhodes, kwa hiyo safari hiyo ni ya kuwazuga. Punde inafika habari nyingine: Waturuki wamekutana na wenzao huko Rhodes, merikebu kama 30, na sasa wamegeuza kuelekea Cyprus waziwazi.

Mistari hiyo haifiki hamsini. Ukiikata umeondoa mizani. Wazee wale wanapima habari kwa mambo matatu: wanalinganisha vyanzo zaidi ya kimoja, wanauliza nani ananufaika, na hawafanyi uamuzi kwa taarifa ya kwanza. Mtazamaji aliyeyaona hayo saa ya kwanza atayakumbuka saa ya pili, jemadari atakapofanya kinyume chake yote.

Kisha anaingia Brabantio, baba wa Desdemona, analia kwamba binti yake amelogwa. Mtawala wa Venice, kabla hajajua mshitakiwa ni nani, anamwahidi sheria kali hata kama mkosaji angekuwa mwanawe mwenyewe. Mshitakiwa anatajwa: ni Othello, ambaye usiku uleule Venice inamhitaji vitani. Hapo ungetegemea kesi ifukiwe. Haifukiwi. Brabantio anasikilizwa, na anapomaliza anaambiwa wazi kwamba kudai si kuthibitisha. Othello anajieleza. Anaomba Desdemona aitwe aseme mbele ya baba yake, na kwamba akisema vibaya, wamnyang'anye cheo na uhai. Desdemona anakuja, anasema. Kesi imekwisha. Mlalamikaji kasikilizwa, mshitakiwa kasikilizwa, shahidi kaitwa kwa jina lake, na yote mbele ya watu. Anayetumwa kumleta shahidi huyo, kwa kuwa ndiye anayejua nyumba aliyofikia, ni Iago.

Brabantio anatoka akiwa ameshindwa, na akiwa mlangoni anamrushia mkwewe maneno machache: mwangalie sana, kama una macho, maana amemdanganya baba yake na wewe anaweza kukudanganya. Othello anajibu kwamba uaminifu wa mkewe anauwekea roho yake rehani, na papo hapo, katika pumzi hiyohiyo, anamkabidhi mke huyo kwa Iago amsafirishe mpaka Cyprus. Mwigizaji wa Othello asiyapite maneno hayo mbio. Ni makabidhiano ya kwanza ya ufunguo, na yanafanywa kwa sifa tu.

Sifa si kitu cha kubeza. Mji kama Tabora ulikua kwa misafara ya karne ya 19 iliyobeba bidhaa za mkopo kutoka pwani, na mpaka leo mwenye duka sokoni humtolea mtu mali kauli kwa kulijua jina lake tu. Huwezi kumkagua kila mtu kila siku. Utakufa na njaa umesimama mlangoni na daftari. Kwa hiyo shutuma kwamba Othello "aliamini mno" haina maana. Swali la kuuliza ni aliamini nini kwa ushahidi gani, na jambo lilipokuwa zito kiasi cha kuua, alibadili utaratibu au alibaki na uleule wa kukopesha sukari?

Tendo la pili linajibu nusu ya swali hilo. Cassio, luteni mpya, ana kichwa chepesi kwa pombe na anakiri mwenyewe: amekunywa kikombe kimoja, nacho kilichanganywa maji, na tayari kinamsumbua. Iago anamshawishi anywe tena. Anamtanguliza Roderigo amchokoze. Cassio akiwa anayumba, Iago anamnong'oneza Montano, aliyekuwa akiitawala Cyprus kabla ya Othello kufika, kwamba luteni huyu hulewa hivi kila usiku kabla ya kulala. Ugomvi unazuka, Montano anajeruhiwa, kengele inapigwa, Othello anatoka chumbani.

Tazameni usikilizaji wake. Anamuuliza Iago, Iago anasema hajui ulivyoanza. Anamuuliza Cassio, Cassio anaomba radhi, hawezi kusema. Anamuuliza Montano, Montano ana maumivu, anasema Iago atakueleza. Mashahidi watatu, na wote wameishia kwa mtu mmoja. Ndipo Iago "analazimishwa" kusema, na anasema kwa kumtetea Cassio: kuna jamaa alikuja anapiga kelele za kuomba msaada, Cassio anamfukuza na upanga, bila shaka huyo aliyekimbia alimtusi. Othello anamwambia kwamba anajua ni mapenzi na uaminifu wake vinavyomfanya alipunguze jambo, na palepale anamvua Cassio cheo. Othello hamuulizi mtu yeyote yule aliyekimbia alikuwa nani. Roderigo yupo mtaani, ni mgeni, amepigwa, angepatikana kabla ya asubuhi. Cassio hakumjua. Kwa mwongozaji, huyu ndiye mtu wa kumpitisha jukwaani kwa nyuma wakati hukumu inasomwa, akitweta, watazamaji wamwone na Othello amempa mgongo. Kazi hiyo haimgharimu mtu hata mstari mmoja.

Baadaye usiku huo Cassio analia kwamba amepoteza jina lake, sehemu yake isiyokufa, na kilichobaki ni cha mnyama. Iago anamcheka: alidhani ana jeraha la mwili! Sifa, anasema, ni mzigo wa bure tu, mara nyingi hupatikana bila kustahili na hupotea bila kosa. Kesho yake, mbele ya Othello, Iago huyohuyo anahubiri kwamba jina jema ndilo johari ya nafsi ya mtu, kwamba mwizi wa mfuko wake ameiba takataka, bali mwizi wa jina lake amemfilisi. Walimu huwapa wanafunzi hotuba hiyo ya pili waikariri kama wosia. Itenganisheni na ile ya kwanza mtakuwa mmefundisha wosia wa tapeli. Ziwekwe bega kwa bega: mtu mmoja, saa chache, soko mbili, bei mbili.

Sasa onyesho la tatu la tendo la tatu, ambalo kila kundi linapaswa kulitengea nusu ya muda wote wa mazoezi. Lina mistari zaidi ya 450 na likichezwa kamili linachukua karibu nusu saa. Othello anaingia akimpenda mkewe na anatoka akiwa ameapa kuua. Kosa la waigizaji ni kudhani Iago ndiye anayesukuma. Iago hasukumi. Anaachia nafasi, Othello anaijaza.

Cassio ameagana na Desdemona haraka, kwa aibu ya kuonana na bosi aliyemfukuza. Iago anasema kama anajisemea: hilo silipendi. Othello anauliza, unasemaje? Hakuna kitu, mheshimiwa. Au kama kipo, sijui. Si Cassio yule aliyeachana na mke wangu? Iago anashangaa: Cassio? Hapana, siwezi kuamini angenyatia hivyo kama mtu mwenye hatia kwa kukuona unakuja. Umeona kilichofanyika. Neno la hatia limeingia chumbani likiwa limevaa nguo za utetezi.

Baadaye anauliza kama Cassio alijua habari za uchumba wao. Alijua, ndiye aliyekuwa akitumwa huku na huku. Ala! Othello anauliza: una nini? Si mwaminifu? Mwaminifu, mheshimiwa? Ndiyo, mwaminifu. Kwa ninavyojua mimi. Unafikiri nini? Kufikiri, mheshimiwa? Mpaka hapo Iago hajasema kitu. Anarudisha maneno ya mwenzake tu. Lakini Othello anaanza kuona dude limefichwa ndani ya mawazo ya mtu huyu, na ndipo anapotamka kanuni itakayomuua: kusitasita kwa namna hii, kwa mtu mwongo ni hila ya kila siku, bali kwa mtu mwadilifu ni moyo unaoshindwa kuzuia kilichomo. Sifa imeshageuka ushahidi. Tendo lilelile, kimya kilekile, linasomwa kinyume kwa sababu ya jina la aliyenyamaza.

Kwa hiyo mwigizaji wa Iago arudishe maneno hayo bila mkazo, bila kuinua nyusi, macho yakiwa kwenye kazi fulani ya mikono, kama kupanga karatasi za ngome. Ukimya wa sekunde mbili baada ya kila jibu unatosha. Ukifika sekunde tano ukumbi unaanza kucheka, na mkicheka hapo mmempoteza Othello hadi mwisho. Na asiwageukie watazamaji katikati ya mazungumzo hayo. Anazo nafasi zake za kusema peke yake, na ni nyingi. Iago ana mistari mingi kuliko Othello mwenyewe, zaidi ya 1,000.

Hatua inayofuata ni kumwonya dhidi ya wivu, ambayo ni namna ya kumtajia ugonjwa ili auone mwilini. Kisha, mwangalie mkeo anapokuwa na Cassio. Kisha linarudi neno la Brabantio, sasa limetoka kinywani mwa rafiki: alimdanganya baba yake alipoolewa nawe. Iago ameokota kauli ya mtu aliyeshindwa kesi na kuifanya hati ya kesi mpya. Na Othello anaanza kujikagua: labda kwa kuwa ni mweusi, labda hana maneno laini ya watu wa mjini, labda umri umeanza kuteremka. Hapa makundi yetu yana tatizo ambalo makundi ya London hayana: jukwaani wote ni weusi. Kuwapaka unga watu wa Venice ni kichekesho kingine, muwaache. Ugeni wa Othello uonekane kwa namna anavyotajwa. Katika onyesho zima la kwanza jina lake halisemwi hata mara moja. Ni rangi, ni midomo, ni mnyama, ni mgeni wa huku na kila mahali. Waliompenda kwa kazi yake, Brabantio akiwa wa kwanza, walimkaribisha chakula mara nyingi, ila si kuoa. Mtu anayejua kwamba heshima yake mjini ni ya kandarasi hana pa kuulizia habari za nyumbani kwake. Hiyo ndiyo sababu ya Iago kupata funguo, na ni sababu ya kweli, si ujinga.

Tuje kwenye leso. Mwaka 1693 mhakiki Mwingereza Thomas Rymer aliicheka tamthilia hii kwamba ingeitwa tanzia ya leso, na kwamba funzo lake ni wake wema waangalie vitambaa vyao. Kejeli nzuri, na haina uzito inaodhaniwa kuwa nao. Kesi ya kuua ikisimama juu ya kitambaa, la kuuliza ni imekuwaje kitambaa kikabeba mzigo huo.

Leso ni nyeupe, imetariziwa stroberi nyekundu, na ni zawadi ya kwanza ya Othello kwa mkewe. Anaporudi kichwa kinamuuma, Desdemona anataka kumfunga nayo, yeye anasema ni ndogo mno na kuisukuma, inaanguka. Basi iwe ndogo kweli. Leso ya sentimita 35 kila upande ina mshazari wa karibu sentimita 50, na kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa sentimita 56 hivi. Haifiki, na watazamaji wanaona haifiki. Wanaotumia kitambaa cha sentimita 45 wana mshazari wa zaidi ya 60, kinazunguka kichwa chote, na Othello anaonekana mkorofi tu. Nyuzi nyekundu ziwe nene, mauamaua yasizidi manane au kumi, ili mtu wa nyuma ya ukumbi aitambue itakapotokea tena mkononi mwa Bianca, mpenzi wa Cassio.

Ianguke mbele, si nyuma ya kiti, na Othello awe anaitazama. Wapo wanaosoma maneno yake, "iache", kwamba anasema juu ya kichwa chake, na wapo wanaosoma kwamba anasema juu ya leso. Chezeni mnavyotaka, lakini imeanguka kati yao wawili, kwa mkono wake. Shahidi wa kwanza wa kupotea kwa leso ni Othello mwenyewe, na hajiiti hata siku moja.

Emilia, mke wa Iago, anaiokota. Mumewe ameshambembeleza mara mia aiibe. Anampa. Iago anatamka kwamba ataiangusha chumbani kwa Cassio. Othello anarudi akiwa amechafuka, anamkaba koo, anataka ushahidi wa macho. Iago anajidai kukasirika, anajuta kuwa mwaminifu, anataka kuacha kazi. Halafu anatoa alivyo navyo. Kwanza ndoto: aliwahi kulala na Cassio chumba kimoja, akamsikia usingizini akimtaja Desdemona. Hakimu wa mahakama ya mwanzo angeuliza swali moja na kufunga jalada, maana hapa kuna maneno ya mtu aliyelala, yaliyoletwa na mtu aliyekuwa macho, bila wa tatu. Kisha leso: hujaiona mkononi mwa mkeo leso yenye stroberi? Ile niliyompa mimi. Hilo sijui, ila leo nimemwona Cassio akijifutia ndevu nayo.

Wakati anasema hayo, leso imo mfukoni mwake. Hajaipeleka popote bado. Umbali kati ya Othello na ukweli hauzidi mita moja. Mwekeni Iago leso kwenye mfuko wa kifuani, ncha yake nyeupe ikionekana kidogo, upande wa watazamaji. Wakipiga magoti kuapa, Othello awe upande wa pili. Kiapo hicho kinaisha kwa amri kwamba Cassio awe amekufa ndani ya siku tatu, na kwa cheo: Iago sasa ni luteni. Alianza tamthilia akilalamika kwamba wakubwa watatu wa mji walimwombea nafasi hiyo akanyimwa, na kwamba siku hizi watu wanapanda kwa vimemo na upendeleo. Amekipata, bila kimemo.

Kuna jambo la saa ambalo mwongozaji alijue. Kutoka kufika Cyprus mpaka mauaji ni kama siku moja na nusu. Lakini Bianca anamlalamikia Cassio kwamba hajamwona wiki nzima, na anaihesabu kwa saa, 168. Hazipatani, na wataalamu wameandika mengi. Jukwaani dawa ni mwendo: msiweke mapumziko kati ya tendo la tatu na la nne. Mtu akipata nafasi ya kununua soda ataanza kuhesabu siku.

Katika tendo la nne Othello anafanya kitu kinachofanana na uchunguzi. Anajificha, anamwona Cassio akicheka, Bianca akimrushia leso. Anaona kweli, kwa macho yake. Lakini mahali pa kujificha kachaguliwa na Iago, wakati na Iago, na tafsiri ya kicheko ameletewa na Iago kabla hajakiona. Cassio anacheka habari za Bianca. Kisha anamhoji Emilia, aliyekuwa na Desdemona muda wote. Uliwasikia wakinong'ona? Kamwe. Hakukutuma nje ufuate upepeo, glavu, chochote? Kamwe. Ni maswali mazuri, na majibu yanatosha kuiangusha kesi. Akitoka tu, Othello anasema kuwadi yeyote mjinga angeweza kusema hivyo. Alichomkosesha Emilia uzito ni kwamba hakuwa na jina kama la mumewe. Pengine hiyo ndiyo sehemu inayouma zaidi ya tamthilia nzima, na huchezwa kwa haraka kama daraja la kufikia mauaji.

Mtu atasema: basi ukichunguza unapona. Hapana. Oedipus, mfalme wa Thebes katika tamthilia ya Mgiriki Sophocles, anachunguza kifo cha mfalme aliyemtangulia kuliko mahakama yoyote, anaita shahidi baada ya shahidi, na kila shahidi anamsogeza kwenye kosa lake mwenyewe. Ila hata yeye ana kijishimo. Mchungaji aliyenusurika siku mfalme huyo, Laius, alipouawa alisema wauaji walikuwa wengi. Oedipus anaitegemea idadi hiyo, kwamba mmoja hawezi kuwa wengi. Mchungaji huyo akiletwa, swali la idadi haliulizwi kabisa, kwa kuwa ameshakuwa shahidi wa jambo kubwa zaidi, asili ya Oedipus mwenyewe. Thebes inampata muuaji, mchunguzi anapofuka.

Na Brutus tunamjua vizuri zaidi kwa Kiswahili, kwa kuwa Julius Nyerere, aliyeingia Shule ya Tabora mwaka 1937 na baada ya Makerere akarudi mjini hapa kufundisha St. Mary's, alitutafsiria Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambamo Brutus anashawishiwa kumuua Kaisari, mwaka 1963. Cassius, mwenye njama hiyo, anamtupia Brutus barua za bandia dirishani, hati za mikono tofauti ili zionekane zimetoka kwa raia wengi. Brutus anasoma moja usiku kwa mwanga wa vimondo. Barua haijakamilika, ina mapengo, na anayajaza mwenyewe kwa sauti. Wala njama haikumhitaji kwa upanga wake. Casca, mwenzao katika njama, anakiri kwamba kitu ambacho kwao kingeonekana uovu, uso wa Brutus utakigeuza kuwa wema. Walikodi jina. Naye akaliamini jina hilo kupita kiasi, akamruhusu Antony, rafiki wa Kaisari, ahutubie baada yake.

Turudi Cyprus kumalizia, kwa kuwa mwisho nao hukatwa vibaya. Desdemona amekwisha kufa. Emilia anaambiwa aliyeleta habari ni mumewe, na anauliza, mume wangu? Anauliza tena. Na tena. Mwigizaji asipandishe sauti mara zote tatu. Ya tatu iwe ya chini kuliko ya pili. Iago anamwamuru aende nyumbani. Anajibu kwamba ni haki kumtii mume, ila si sasa, na anasema habari za leso mbele ya wote. Iago anamuua.

Barua zilizokutwa mfukoni mwa Roderigo zinasomwa, na ndio ushahidi wa kwanza wa maandishi juu ya Iago. Cassio ameletwa akiwa ameketi kwenye kiti, mguu umejeruhiwa. Othello anamgeukia na kumuuliza aliipataje leso ya mkewe. Cassio anajibu kwamba aliikuta chumbani kwake. Vikundi vingi huyaruka maswali na majibu hayo ili kuwahi kisu cha mwisho. Yaacheni yalivyo. Othello aulize kwa sauti ya kawaida, Cassio ajibu bila kulia, na Iago, ambaye ameshaapa kutosema neno tena, awe amesimama mahali ambapo wote wawili wanaweza kumwona.